Mama wa Tangazo na Mama wa Kasesya

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni juma lililopita. Tunayachapa hapa kwa ajili ya wasomaji wetu ambao hawakuyasikia.)

Ndugu msomaji, simama mbele ya ubao wowote mkubwa wa matangazo hapa mjini, umtazame mwanamke aliyechorwa pale. Aghalabu yuko jikoni au uani. Anatabasamu. Ameshika pakiti ya sabuni ya unga, au kopo la mafuta ya kupikia, au shati jeupe la mtoto wa shule. Nyuma yake yupo baba, aliyerudi kazini na tai yake shingoni, naye anafurahi kwa sababu chakula kiko tayari na nguo zimetakata. Mwanamke huyo hana jembe, wala mzigo kichwani, wala daftari la kuandikia wanaomdai na anaowadai. Kazi yake ni moja tu, kuchagua bidhaa iliyo bora kwa fedha za baba.

Swali la juma hili ni hili: mwanamke huyo ametoka wapi? Nauliza kwa sababu wengi wetu tukiwakumbuka mama zetu na bibi zetu, hatumwoni huyu. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Na picha hii nayo imeundwa. Ina mahali ilipoundwa, ina miaka yake, na ina watu waliolipwa kuiunda. Tena ina hasara zake, ambazo mpaka leo zinalipwa na wanawake wasiokuwamo ndani yake.

Ili tuelewane vizuri, nitaiweka picha hiyo sambamba na mahali ambapo wengi wenu wakazi wa mijini hamjafika. Mahali penyewe ni Kasesya.

Kasesya ni kituo cha mpakani katika wilaya ya Kalambo, mkoa wa Rukwa. Ukitoka Sumbawanga unaelekea kusini hadi Matai, na kutoka Matai ni kama kilomita 50 kufika mpakani. Ng'ambo ni Zambia, na mji ulio karibu ni Mbala, ambao wakati wa Waingereza uliitwa Abercorn. Chimbuko la mpaka huo ni mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1890. Wenyeji hawakuulizwa. Ndiyo maana hadi leo Wamambwe na Walungu wako pande zote mbili, na mtu wa upande huu anaweza kuwa na shangazi yake upande wa pili.

Mwanamke wa huko huamka kabla ya jua. Analima mahindi, maharage na ulezi katika nchi ile ya juu yenye baridi. Akivuna, sehemu huweka ndani na sehemu hutafutia soko. Wapo wanaovuka mpaka na maharage au samaki wakavu, wakarudi na vitenge au bidhaa za dukani. Bei ya pande zote mbili wanaijua, na thamani ya kwacha na ya shilingi wanaijua bila kuuliza benki. Kupika na kufua vipo palepale, maana hakuna anayewafanyia. Mchoraji akitaka kumchora mama huyo kama alivyo, itambidi achore jembe, mzigo, mtoto mgongoni, na fedha zilizofungwa kwenye pindo la kitenge. Hizo ni fedha zake mwenyewe.

Sasa tuwe na wanawake wawili hawa, mama wa tangazo na mama wa Kasesya, na tumfuate wa kwanza hadi kwao.

Ulikoanzia mchezo

Kwao ni Marekani, katika miaka iliyofuata Vita Kuu ya Pili. Wakati wa vita wanaume wa Marekani walikwenda jeshini kwa mamilioni, na viwanda vikahitaji mikono. Wanawake wakaitwa. Serikali iliwabembeleza kwa mabango, wakaingia kuunganisha ndege, kuchomea vyuma vya meli na kutengeneza risasi. Serikali hata ikatoa fedha za kuendesha vituo vya kulelea watoto ili mama waende kazini. Vita vikaisha mwaka 1945, wanaume wakarudi, na mapema mwaka 1946 fedha za vituo vile zikakatwa. Wanawake wengi wakaambiwa asanteni, sasa rudini nyumbani.

Lakini nyumbani ni wapi? Sheria ya mwaka 1944 ilikuwa imewafungulia askari waliorudi vitani mikopo ya nyumba yenye nafuu, na wajenzi wakakimbilia mashamba yaliyo nje ya miji. Mfano unaotajwa sana ni Levittown, katika kisiwa cha Long Island karibu na New York. Kuanzia mwaka 1947 kampuni ya William Levitt ilijenga pale nyumba zaidi ya 17,000 zilizofanana kama matofali. Ndani ya nyumba jiko lilikuwa tayari na mashine ya kufulia ilikuwa tayari. Toleo la mwaka 1950 lilikuja hata na televisheni iliyojengewa ukutani. Asubuhi baba anapanda gari au treni kwenda mjini, na mama anabaki na watoto katika mtaa ambao mchana una wanawake watupu. Na tusisahau, katika mikataba ya mwanzo ya nyumba zile mtu mweusi hakuruhusiwa kuishi pale, isipokuwa awe mtumishi wa ndani.

Viwanda vilivyokuwa vikitengeneza vifaru na ndege sasa vilitengeneza majokofu, majiko na magari. Bidhaa zilikuwa nyingi, na ilibidi apatikane wa kuzinunua. Wenye matangazo wakamkazia macho yule mama aliyebaki nyumbani. Walijua kwamba yeye ndiye anayeamua sabuni gani iingie, unga gani uingie, na jiko la mwaka jana litupwe lini. Wakaajiri hata wataalamu wa saikolojia. Mashuhuri kati yao ni Ernest Dichter, mzaliwa wa Vienna, aliyezifundisha kampuni kutafuta hamu na hofu zilizojificha moyoni mwa mnunuzi. Bidhaa isiuzwe kwa ubora wake tu. Iuzwe kama dawa ya wasiwasi: je, mimi ni mama mwema? Mume wangu ataendelea kunipenda? Jirani ataonaje mapazia yangu?

Redio nayo ilikuwamo katika kazi hiyo, na sisi wa redio hatuna budi kulisema hili. Tangu miaka ya 1930 kampuni za sabuni, Procter & Gamble ikiwa mbele, zililipia michezo ya kuigiza ya mchana iliyolengwa kwa akina mama waliokuwa majumbani. Hadithi ilikatizwa penye utamu, sabuni ikasifiwa, kesho yake mama akafungua tena redio ajue yaliyotokea. Mpaka leo Waamerika huiita michezo ya namna hiyo kwa jina la sabuni. Baadaye ikahamia televisheni. Mwaka 1950 televisheni ilikuwa katika nyumba chache za Marekani, kama moja kati ya kumi. Kufikia mwaka 1960 ilikuwa karibu katika nyumba tisa kati ya kumi.

Zaidi ya hapo, baadhi ya wanawake waliosifiwa hawakuwa wanadamu. Betty Crocker, bingwa wa mapishi aliyejibu barua za akina mama na kutoa mafunzo redioni, lilikuwa jina lililobuniwa mwaka 1921 na kampuni ya unga. Mwaka 1945 jarida la Fortune lilimtaja kuwa mwanamke wa pili kwa umaarufu nchini Marekani, nyuma ya Eleanor Roosevelt, mke wa Rais Franklin Roosevelt aliyefariki mwaka huo. Hebu pima mwenyewe, ndugu msomaji: katika nchi yenye mamilioni ya wanawake walimu, wauguzi, wakulima na wafanyakazi wa viwandani, wa pili kwa umaarufu ni mtu asiyekuwapo!

Picha hii ilifika hadi kwenye siasa za dunia. Julai 1959 Makamu wa Rais wa Marekani, Richard Nixon, na kiongozi wa Urusi, Nikita Khrushchev, walibishana hadharani katika maonyesho ya Marekani mjini Moscow, wakiwa wamesimama mbele ya jiko la mfano. Nixon alijivunia mashine zinazowarahisishia kazi akina mama wa Marekani. Khrushchev akamjibu kwamba kwao hawana mtazamo huo wa kibepari juu ya wanawake. Wanaume wawili wenye mabomu ya nyuklia walikuwa wakishindania jiko, na mwenye jiko hakuulizwa.

Yaliyofichwa nyuma ya tabasamu

Sasa sikiliza jambo la ajabu. Katika miaka ileile ya 1950, wakati matangazo yakisema pahali pa mwanamke ni jikoni, wanawake wa Marekani wenye kazi za mshahara walikuwa wakiongezeka, si wakipungua. Mwaka 1950 walikuwa kama theluthi moja ya wanawake watu wazima, na mwaka 1960 walizidi hapo. Wengi wa hao walioongezeka walikuwa wake za watu. Sababu haikuwa siri: jokofu, gari na nyumba ya mkopo vilikuwa vikidai mshahara wa pili. Tangazo lilimwonyesha mama akifurahia mashine ya kufulia, lakini halikumwonyesha akienda kuchapa mashine ofisini ili mashine hiyo ilipiwe.

Na yule mwanamke mweusi wa Marekani hakuwa na nafasi kabisa. Karibu wanne kati ya kila kumi wenye kazi walikuwa watumishi wa nyumbani mwaka 1950. Yaani jiko lile linalong'aa, aliyelisugua mara nyingi ni mwanamke ambaye picha haikumtambua.

Mwaka 1963 Betty Friedan, mwandishi na mama wa watoto watatu aliyeishi katika vitongoji vya New York, alitoa kitabu kilichozua mjadala mkubwa. Alieleza kwamba wanawake wengi wenye elimu, waliokuwa na kila kitu kilichotangazwa, walikuwa na unyonge ambao hawakujua waupe jina gani. Alionyesha pia jinsi washauri wa biashara walivyoujua unyonge huo na kuugeuza kuwa soko: mama asiyeridhika ni mnunuzi mzuri. Wapo waliomkosoa, nao walikuwa na haki, kwamba aliwaangalia zaidi wanawake weupe wenye uwezo. Hata hivyo hoja yake ilisimama.

Msidhani hii ni habari ya picha tu. Mtu akichorwa kuwa hana fedha, hata benki humwona hana fedha. Hadi mwaka 1974, Bunge la Marekani lilipopitisha sheria ya usawa katika mikopo, benki iliweza kumkatalia mwanamke mkopo kwa sababu ni mwanamke, au kumwambia alete sahihi ya mumewe, hata kama mshahara anao.

Njia ya kuja kwetu

Je, mama huyu wa tangazo alifikaje Afrika? Alikuja kwa njia nyingi, na moja ilipita jirani kabisa na Kasesya.

Kutoka mpakani ukifuata barabara ya Mbala na Kasama, mwisho wa safari ni migodi ya shaba ya Zambia, ambayo wakati huo ikiitwa Rhodesia ya Kaskazini. Watu wengi wa kusini-magharibi ya Tanganyika walikwenda kutafuta kazi huko. Baada ya vita kampuni za migodi ziliona faida ya mfanyakazi kukaa na familia yake badala ya kuja na kuondoka. Zikajenga mitaa ya nyumba zilizopangwa mistari, na idara za ustawi zikaanzisha madarasa kwa ajili ya wake za wachimbaji. Darasani walifundishwa kufuma, kushona, kupika na kutunza mtoto. Shabaha ilikuwa baba alete mshahara, na mama awe mwenye nyumba safi. Levittown ya shaba, kwa ufupi.

Lakini nyumba ile ilikwenda na kazi ya mume. Mume akifukuzwa kazi au akimwacha mkewe, mke hana paa. Wanawake hawakukubali kutegemea kamba moja. Walilima vishamba pembeni mwa mji, waliuza mboga, walipika pombe. Pombe ya nyumbani ilikuwa kosa, maana serikali za miji zilikuwa na vilabu vyao na zilitaka mapato yasitoke. Basi mwanamke akisifiwa darasani kwa kufuma sweta, jioni anakamatwa kwa kuuza pombe. Kazi isiyo na fedha ilipewa cheti, na kazi yenye fedha ilipewa kesi.

Bei ya shaba ilipoporomoka mwaka 1975, na migodi ilipouzwa kwa watu binafsi mwishoni mwa miaka ya 1990 huku maelfu wakipunguzwa kazi, ule mshahara wa baba ambao picha nzima iliuegemea ukayeyuka. Nyumba nyingi zilishikiliwa na biashara za wanawake, zile ambazo darasani hazikufundishwa.

Kwetu Tanganyika na Kenya mambo hayakuwa mbali na hayo. Mwaka 1951 liliundwa Baraza la Wanawake wa Tanganyika, na Kenya ikapata Maendeleo ya Wanawake mwaka 1952. Vyote viwili vilianza chini ya uangalizi wa wake za wakubwa na maofisa wa kikoloni, na katika masomo yao kushona, mapishi na usafi wa nyumba vilitangulia. Sisemi masomo hayo hayakuwa na faida. Mtoto aliyepona kuhara kwa sababu mama yake alijifunza kuchemsha maji ni faida kubwa. Nasema tu kwamba mwanafunzi alikuwa mkulima, na hakuna aliyemfundisha ukulima wala hesabu za biashara. Haishangazi kwamba TANU ilipohitaji wanawake mwaka 1955, Bibi Titi Mohamed hakuwaendea kwanza katika madarasa ya mapishi. Aliwaendea katika vikundi vya ngoma na kati ya wanawake waliokuwa na fedha zao kidogo za kuuza vitu.

Sabuni, mafuta ya kupaka, mafuta ya kupikia na majani ya chai vilifuata, na matangazo yake. Baadaye yakaja matangazo ya krimu za kung'arisha ngozi, yaliyoenea katika majarida ya Afrika miaka ya 1960. Mbinu ilikuwa ileile ya Marekani, yaani kwanza mtie mwanamke wasiwasi juu ya mwili wake, kisha muuzie dawa ya wasiwasi huo. Nyingi zilikuwa na zebaki. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha uchunguzi uliohusisha krimu hizo na ugonjwa wa figo. Nchi zetu zimezipiga marufuku krimu zenye sumu, lakini mkorogo bado unauzwa vichochoroni. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Vijana wakashika mikasi

Ilikuwaje basi tulipojaribu kuikataa picha hiyo? Hapa tuna historia yetu, na si yote ya kujivunia.

Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana. Kuanzia Januari Mosi, 1969, vimini, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana zingekuwa marufuku mjini Dar es Salaam, kwa hoja kwamba ni utumwa wa kimawazo. Hata kabla ya tarehe hiyo makundi ya vijana yaliwavamia wanawake Kariakoo na kuwashusha kwenye mabasi. Magazeti yakajaa barua za kuunga mkono na za kupinga.

Nia ya kulinda utu wetu naielewa. Ila angalia shabaha ilikokwenda. Mwenye tangazo alimpima mwanamke kwa nguo na ngozi, na mwenye kupinga tangazo naye akampima kwa nguo na ngozi. Kati ya wanawake walioburutwa Kariakoo walikuwamo wenye kazi zao na mishahara yao, na si ajabu hilo ndilo lililowaudhi wengine. Kiwanda cha krimu hakikuburutwa na mtu. Aliyechaniwa nguo ni mnunuzi.

Kisha ikaja miaka ya 1980. Sabuni yenyewe ikawa adimu, na mshahara wa mfanyakazi haukutosha kumfikisha mwisho wa juma, seuze mwisho wa mwezi. Mijini mwetu wakati huo neno mradi lilipata maana mpya. Mama alikaanga maandazi, alifuga kuku, aliuza barafu, alishona vitambaa, na mradi wake ukaizidi karatasi ya mshahara wa baba. Wengi mnaosoma gazeti hili mlisomeshwa kwa maandazi hayo. Lakini biashara huria ilipofunguka na televisheni ilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994, nani aliyerudi kwenye kioo? Ni yuleyule mama wa tabasamu, mwenye sabuni mkononi na asiye na mradi. Mwaka huohuo yakarudi mashindano ya urembo ya Miss Tanzania, yaliyokuwa yamesitishwa tangu miaka ya 1960.

Hata hivyo redio yetu ilipata kuonyesha kwamba njia nyingine ipo. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo wa Twende na Wakati, uliohusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Wasikilizaji wa zamani hawajamsahau Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo. Mkewe, Tunu, hakuishia kulia jikoni. Alianzisha biashara yake ndogo, akasimama. Watu walimsikiliza kwa mamilioni. Ufundi ulikuwa uleule wa michezo ya sabuni, kukatiza penye utamu, lakini mwanamke aliyechorwa ndani yake ni yule tunayemjua.

Hasara iko wapi?

Mtu ataniuliza: mzee, picha ya sabuni inamdhuru nani? Nakujibu kwa mfano. Fikiri mama wa mpakani ameingia ofisi yoyote kujaza fomu. Karani anauliza, "Kazi yako, mama?" Naye anajibu, "Ninalima, mwanangu, na ninauza maharage." Karani anatikisa kichwa na kuandika: mama wa nyumbani. Kwa maneno hayo matatu shamba limefutwa, mzigo umefutwa, na fedha za pindoni zimefutwa. Akija kuomba mkopo, fomu inasema hana kazi. Ikipangwa barabara au soko la mpakani, hesabu ya wafanyabiashara haina jina lake. Naye akiona ofisi haimtambui, hupitia njia za panya, huko anakutana na wanaomnyang'anya, na hana pa kushtaki.

Sheria zetu zimejitahidi kuliko matangazo yetu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliagiza mahakama, ndoa inapovunjika, zigawe mali kwa kuangalia mchango wa kila mmoja. Majaji wakatofautiana: je, kupika, kufua na kulea ni mchango? Mwaka 1983 Mahakama ya Rufaa, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilikata shauri kwamba ndiyo, kazi za nyumbani ni mchango. Mama mwenye kesi yeye mwenyewe hakupata mgawo aliouomba, lakini msingi uliowekwa umewafaa wengi baada yake. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zikasema mwanamke ana haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Na mwaka 2013 wataalamu wa takwimu za kazi wa dunia, waliokutana chini ya Shirika la Kazi Duniani, walikubaliana kwamba hata kuchota maji, kukata kuni na kulea bila malipo kuhesabiwe kuwa kazi.

Kwa hiyo neno mama wa nyumbani si tusi, na kazi ya nyumbani si aibu. Ubaya unaanza pale neno hilo linapotumika kufuta kazi nyingine zote, na pale kazi ya nyumbani yenyewe inapochorwa kama tabasamu badala ya jasho.

Wala asije mtu akasema kwamba mwanamke mwenye mamlaka ni jambo la kuiga kwa wageni. Wafipa wana masimulizi ya kale kwamba wanawake watatu walikuja Milansi kutoka mbali, wakati mtawala Ntatakwa amekwenda kuwinda. Wakaketi kwenye kigoda chake, na kwao ukaanza ukoo uliotawala Ufipa. Masimulizi ni masimulizi, lakini tazama walichokichagua wazee kukikumbuka. Hawakumkumbuka mwanamke kwa weupe wa shuka zake. Walimkumbuka kwa kigoda.

Siku hizi matangazo hayakungoji barabarani, yanakufuata hadi kwenye simu kitandani. Kuyapiga marufuku hatutaweza, na mikasi ya Kariakoo imetufundisha kwamba marufuku huweza kumwangukia asiyestahili. Tunaloweza ni kuwafundisha watoto wetu, wa kike na wa kiume, kuliuliza tangazo maswali matatu. Nani analipia picha hii? Ananitia wasiwasi gani ili aniuzie dawa yake? Na kazi gani imefichwa ili mtu huyu aonekane anatabasamu?

Nanyi wenye viwanda na wenye kampuni za matangazo, nawaambia kwa lugha yenu ya biashara. Mnunuzi mnamtafuta katika jiko ambalo nyumba nyingi za Tanzania hazina, na fedha mnazitafuta katika mfuko wa baba ambao mara nyingi ni mtupu. Mwenye fedha za sabuni amesimama mpakani Kasesya na gunia la maharage. Mchoreni na gunia lake. Nanyi makarani, mkimuuliza kazi yake, andikeni alichosema.

Hadi juma lijalo, kwaherini.